Karatasi za Masanja

Siku ya kuniaga ofisini nilipewa saa ya ukutani, doti mbili za kitenge, na keki ambayo kipande changu kililiwa wakati natoa shukrani. Meneja alisema maneno mazuri sana kuhusu mtu fulani, na baada ya muda nikatambua kwamba mtu huyo ni mimi. Kisha akaniomba niwaandikie nyinyi mafundi mnaobaki yale niliyojifunza katika miaka yangu ya kufunga mtandao majumbani mwa watu. Nikasema sawa. Sikumwambia kwamba yale niliyojifunza yamefungamana na jambo moja baya nililolifanya Kawe, na kwamba siwezi kuandika hayo nikaliacha hili.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja. Mishahara nayo ilikuja, ikapita, kama inavyopita kwenu.

Nilianza kazi nikiwa nimevaa buti za kaka yangu, ambazo mbele nilizijaza magazeti ili zinikae. Msimamizi alisoma orodha ya mafundi mmoja mmoja akiuliza nani atanichukua nikajifunze kwake. Kila mmoja alisema kundi lake limejaa. Fundi mmoja tu hakusema kitu, kwa sababu alikuwa amelala chini ya meza anabana kichwa cha waya na hakusikia swali. Nikapewa yeye. Alipotoka chini ya meza akipangusa vumbi magotini, alikuta ana mwanafunzi.

Huyo ndiye Masanja, Msukuma mmoja mrefu, mpole, asiyependa maneno. Alinitazama, akatazama buti, akauliza:

"Unajua rangi?"

"Rangi gani?"

"Za nyuzi za waya."

"Sijui, fundi."

"Vizuri. Basi hujafundishwa vibaya."

Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani yake, na zina mpangilio wake: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Alinikaririsha mpaka chakula cha mchana, halafu akanikaririsha nikiwa natafuna. Mpaka leo, mahubiri yakirefuka kanisani, nazihesabu. Padri hudhani nasali.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: koleo ya kubania vichwa, kipimio chenye taa nane, bisibisi mbili, penseli nyuma ya sikio, na daftari la shule la mistari. Daftari ndilo lililonishangaza. Kila alipomaliza nyumba, kabla hajafunga kasha la ukutani ambamo nyaya zote hukutana, alichana ukurasa, akaandika kwa penseli, akaukunja, akaufunga kwenye kipande cha nailoni na kuubandika kwa gundi ya karatasi nyuma ya mlango wa kasha. Juu aliandika "Kwa fundi atakayekuja." Chini aliandika jina lake lote, la kwake na la baba yake. Katikati aliandika yale ambayo mtu angetaka kuyajua: waya wa tatu unaenda chumba cha wageni, wa tano uliliwa na panya nimeuunga juu ya dari karibu na bomba, swichi hii ikipata moto izime ipumzike.

Mafundi wenzake walimcheka. Walisema Masanja anaandika barua za mapenzi kwa mtu asiyemjua. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Kwa sababu sitakuwepo," alisema.

"Na kama atakayerudi ni wewe?"

"Basi nitakuwa nimesahau."

Sasa niwaeleze desturi yetu sisi mafundi, maana ndiyo iliyoniponza. Fundi wa Dar es Salaam, awe wa friji, wa bomba, wa paa au wa mtandao, akiingia kwenye nyumba yenye tatizo hasemi kwanza habari za kazi. Anatazama kazi iliyopo, anaguna, anatikisa kichwa kwa huzuni, kisha anauliza: "Nani alikufungia hii?" Ni kama hodi. Swali hili linafanya kazi tatu kwa pamoja. Linamwambia mwenye nyumba kwamba tatizo ni kubwa, kwamba si lake wala si lako, na kwamba ametokea mwokozi. Jibu lolote atakalotoa, wewe unasema "Mmh."

Nilifanya kazi na Masanja muda mrefu na sikumsikia hata mara moja akiuliza swali hilo. Akikuta kazi mbovu alikuwa anaitengeneza kimya kimya, akaandika karatasi.

Mimi niliuliza. Na nina sababu, ingawa si nzuri. Nilipoanza kwenda majumbani peke yangu, kila nilipofika mlangoni mwenye nyumba alichungulia nyuma ya bega langu akauliza, "Fundi yuko wapi?" Tabata kuna baba mmoja aliniacha nimalize kazi yote, nikakusanya vifaa, nikaomba asaini, ndipo akauliza fundi anakuja saa ngapi. Mwanamume akikosea, watu husema leo amekosea. Mimi mwanamke nikikosea, walisema si tulisema? Kwa hiyo niliapa kutokosea, na kwa kuwa hilo haliwezekani, nikajifunza kuguna.

Kuhusu nyumba zenyewe, nitawapa mambo mawili yasiyo kwenye vitabu vyenu. La kwanza: ruta ya waifai inakuja nyumbani kwa heshima kubwa mno. Mama mwenye nyumba ataiweka kwenye kabati la vioo pamoja na vyombo vya wageni, ataifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, kisha atafunga kabati kwa ufunguo. Baada ya wiki atalalamika kwamba mtandao ni mdogo. Ukiigusa ina joto la mtoto mwenye malaria. Usimwambie aondoe kitambaa. Mwambie ni kizuri, akiweke juu ya televisheni ili watu wakione. La pili: tangi la maji linazuia mawimbi kuliko ukuta. Nyumba yenye tangi katikati na ruta upande mmoja, upande wa pili watu wanaishi kama zamani.

Kampuni ilipopunguza watu, Masanja alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Hakulalamika. Alianza kujitegemea, na mtu aliyemshika mkono alikuwa Mzee Nassor wa Kawe. Mzee Nassor ni wa familia ya Kiarabu iliyokaa mjini vizazi kadhaa ikiuza vifaa vya ujenzi: mabati, nondo, rangi, vitasa. Ndugu zake nao ni wafanyabiashara, na binamu zake, na wote ama wanajenga ama wanabomoa ili wajenge. Masanja aliifunga nyaya nyumba yake ya ghorofa moja, chumba kwa chumba, kazi safi ambayo ukiona tundu la ukutani unadhani limezaliwa na ukuta. Mzee akampenda, akamsema vizuri kwa ndugu zake. Neno moja la Mzee Nassor lilikuwa ndilo unga wa nyumba ya Masanja.

Kisha zikaja simu za kisasa, na kompyuta nyembamba zisizo na tundu la waya. Mzee Nassor akapiga simu kwenye kampuni yetu, maana laini ya mtandao ilikuwa yetu, akataka waifai. Nikatumwa mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Wajukuu wamenijia na simu hapa. Nawaambia chomekeni ukutani, babu yenu kaweka nyaya nyumba nzima, wananicheka! Simu haina tundu. Sasa mie hizi nyaya nizitupe?"

"Usitupe, mzee. Tunaongeza ruta ya waifai hapa sebuleni, inaungana na nyaya zako hizi hizi."

"Wallahi? Basi umenifurahisha."

Nililosema lilikuwa sahihi kabisa. Nilichofanya hakikuwa sahihi. Nilichukua ruta mpya, nikachomeka waya kutoka tundu la sebuleni kwenda kwenye tundu mojawapo la ruta, nikaiwasha, nikaipa jina na nywila. Simu za wajukuu zikashika. Kasha la nyaya, ambamo ruta ya zamani ilikuwa ikifanya kazi, lilikuwa kwenye stoo chini ya ngazi, nyuma ya gunia la mchele. Sikulifungua. Gunia lilikuwa zito na sebuleni mke wa mzee, Bi Salma, alikuwa ameshaweka sambusa. Kazi ilichukua robo saa, kula kulichukua saa nzima.

Siku ya tatu wakapiga simu. Mtandao unakuja, unatoroka. Kompyuta ya juu inashika, ya chini inakataa, baadaye zinabadilishana. Bi Salma alikuwa na binti aliyeolewa Muscat, na kila alasiri walizungumza kwa video. Sasa binti alikuwa anaganda mdomo wazi katikati ya sentensi, na mama yake alikuwa hajui kama amemaliza kusema au amezimia.

Nyinyi mnajua tatizo, lakini nalieleza kwa ajili ya watakaosoma wasio mafundi. Kila simu na kila kompyuta ndani ya nyumba lazima ipewe namba yake, na anayegawa namba ni ruta. Fikiria zahanati yenye nesi mmoja anayegawa namba za foleni: mambo yanakwenda. Sasa mlete nesi wa pili, akae mlango mwingine, naye agawe namba zake kuanzia moja. Watatokea wagonjwa wawili wenye namba saba, na watapigana. Nyumba ya Mzee Nassor ilikuwa na manesi wawili. Wa pili nilimleta mimi.

Lakini siku ile nilipofika sikuwa nimelijua hilo. Nilifika baada ya sala ya alasiri. Barazani Mzee Nassor alikuwa amekaa na ndugu zake wawili, kahawa na kashata mbele yao. Mmoja wa ndugu alichungulia nyuma ya bega langu. Niliingia sebuleni, nikatazama ruta yangu, nikaona taa zote zinawaka vizuri, nikatoka tena barazani na kutikisa kichwa kwa huzuni.

"Nani alikufungia hizi nyaya?"

Nililisema kwa mazoea, kama mtu anavyosema pole bila kujua amepatwa na nini. Lakini Mzee Nassor aliweka kikombe chini.

"Masanja. Kwani vipi?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ningeweza kusema hakuna kitu, mzee, nauliza tu, Masanja ndiye mwalimu wangu na hajawahi kufunga waya vibaya. Ndugu watatu walikuwa wananitazama. Nikasema:

"Mmh. Ndiyo maana."

Hayo tu. Sikumtukana mtu, sikutoa ushahidi. Kisha nikaingia stoo kutafuta hicho nilichokuwa nimeshakihukumu, nikasukuma gunia la mchele, nikafungua kasha. Nyaya zilikuwa zimelala sambamba, kila moja na kibandiko chake. Nyuma ya mlango kulikuwa na karatasi ndani ya nailoni. Niliifungua nikiwa nimechuchumaa.

"Kwa fundi atakayekuja. Nyumba hii wataongeza ruta ya pili siku moja, maana wanazaliana. Ukiileta usiichomeke kwanza kwenye nyaya. Iunge peke yake na kompyuta yako, ubadilishe anwani yake isifanane na hii iliyomo humu. Zima ugawaji wa namba. Mgawaji awe mmoja tu, huyu wa humu. Ndipo uchomeke waya wa ukutani kwenye tundu lolote kati ya yale manne yanayofanana. Lile tundu moja lenye rangi ya peke yake liache wazi. Gunia la mchele ni la kudumu, samahani." Na chini, jina lake lote.

Niliisoma mara mbili. Nikaenda sebuleni, nikaitoa ruta kwenye waya, nikafuata maneno yale moja baada ya jingine kama mapishi. Mtandao ukatulia nyumba nzima, juu na chini. Bi Salma akampata binti yake, binti akamaliza sentensi.

Karatasi niliitia mfukoni. Nataka mwelewe kwamba halikuwa jambo la kusahau. Nilifikiri Mzee akiisoma hii atajua nani alikosea, na mkono wangu ukaenda mfukoni.

Nilipotoka, Mzee Nassor alikuwa amesimama.

"Alaa! Huyu binti kiboko! Masanja katufungia takataka, yeye kaja kaiweka sawa kwa nusu saa. Na mie nilivyomsifia yule bwana kwa watu!"

Nikasema, "Asante, mzee." Nikabakizwa kwa chakula. Biriani ilikuwa nzuri sana. Nasema hivyo kwa sababu nimeahidi kusema kweli.

Mzee Nassor hakuwa mtu wa kuweka neno moyoni. Ndugu wakaambiwa, binamu wakaambiwa. Kabla mvua za masika hazijaisha, nyumba ambazo Masanja alikuwa amezifunga na nyingine alizokuwa ameahidiwa zilianza kupiga simu kwetu, na zilikuwa zinaniulizia mimi kwa jina: yule binti aliyetengeneza kwa Mzee Nassor. Hakuna tena aliyeuliza fundi yuko wapi.

Na kila nyumba niliyoingia, kasha nikilifungua, ilikuwepo karatasi. Kwa fundi atakayekuja. Masanja aliniambia waya upi umeungwa, dari ipi imeoza usiikanyage, mbwa gani anauma na yupi anabweka tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa ndefu, na nilipandishwa cheo mara mbili njiani.

Yeye alihamia Chanika, akaanza kufuga kuku. Nilisikia kwa watu. Nilikutana naye mara moja tu, kwenye msiba wa fundi mwenzetu, tukiwa kwenye foleni ya kunawa mikono.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Yustina. Bado unaandika karatasi?"

"Naandika."

"Vizuri," akasema, akanipisha ninawe kabla yake.

Ni kweli nilikuwa naandika. Baada ya Kawe niliandika kila nyumba, na wengi wenu mmezikuta karatasi zangu na kunishukuru. Kitu kimoja cha Masanja sikukiiga. Sikuandika jina. Nilijiambia ni unyenyekevu.

Basi nimestaafu. Wiki ya kwanza nilipanga vifaa vyangu sandukuni, na katika mfuko wa ndani wa begi la kazi, begi la tatu tangu siku ile ya Kawe, ilikuwemo ile karatasi. Kila nilipobadilisha begi niliihamisha. Sikuwahi kuitupa na sikuwahi kuionyesha. Niliiweka mezani, nikaitundika ile saa ya kuagwa, nikakaa kuisikiliza ikigonga. Nilikuwa sina bosi wala mteja wa kuniona nimekosea. Nikaona aibu, kwamba nilisubiri mpaka nisiwe na cha kupoteza.

Kilichosemwa barazani kinafutwa barazani. Nilikwenda Kawe alasiri. Mzee Nassor amezeeka, anatembea kwa fimbo; ndugu mmoja ametangulia mbele ya haki, aliyebaki alikuwepo, na kahawa ilikuwepo. Nilitoa karatasi nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilikataa kiti. Alivaa miwani, akaisoma polepole. Alipofika kwenye gunia la mchele alinyanyua macho akatazama upande wa stoo. Bado lipo.

Alivua miwani. Nilitegemea atanifukuza.

"Wewe ulisema hapa barazani tu," alisema. "Mie ndiye niliyewaambia wote. Salma! Lete simu yangu."

Alianza kuwapigia mmoja mmoja kwa waifai, sauti ya nje, kila mtu wa ukoo aliyewahi kumsikia akimsema Masanja. Aliwasalimu, akauliza hali za watoto, kisha akanisogezea simu. "Mweleze." Nikaeleza. Akapiga kwa mwingine. "Rudia." Nikarudia. Binamu wa Tanga aliomba nianze upya kwa sababu mke wake alikuwa hajasikia mwanzo. Muscat nako tukapiga. Nyaya za Masanja zilikuwa zinafanya kazi ukutani na ruta yangu sebuleni, na muda wote ule mtandao haukukatika hata mara moja. Nilitamani ukatike.

Asubuhi iliyofuata nikaenda Chanika. Nyumba ya Masanja iko mwisho wa barabara ya vumbi, kati ya shamba la mihogo na nyumba mpya zisizo na madirisha. Alikuwa anawapa kuku maji. Nilimwona anavyoishika ndoo kwa mikono miwili na maji bado yanaruka, maana mikono yake inatetemeka sasa. Alinikaribisha, akaingia ndani, akatoka na boksi la ruta ya waifai ambalo halijafunguliwa.

"Binti yangu kaniletea. Nyumba nimeifunga nyaya zamani, unanijua. Ila mikono haishiki tena vitu vidogo. Umekuja wakati mzuri, utanifungia."

"Fundi, nina neno kwanza."

"Mzee Nassor kapiga jana. Akalia kwenye simu, mtu mzima, nikawa namwonea huruma."

"Basi umeshajua."

"Nilijua tangu wiki ile ile," alisema Masanja.

Alikaa kwenye kigoda, akanionyesha kingine.

"Niliposikia nyaya zangu ni mbovu, niliamini. Nikasema nimekosea mahali. Sikulala. Nikampigia Bi Salma, nikamwomba afungue kasha anisomee karatasi yangu, nijue nilikosea wapi. Akatafuta, akaniambia humu hamna karatasi. Ndiyo nikajua. Panya akiila karatasi anaacha vipande. Fundi asiyeielewa anaiacha pale pale. Anayeichukua ni yule aliyeisoma ikamfaa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Niende Kawe nikaulize nani alikufungia hii? Sijawahi kulisema neno hilo maisha yangu yote. Nianze na wewe?"

Nililia. Alinisubiri kama alivyokuwa akisubiri ruta iwake, bila kugusa kitu.

"Ulinikasirikia?" nilimuuliza nilipoweza.

"Miaka. Watoto waliacha shule ya mjini, sasa nisikasirike? Ila hasira inataka nguvu, na mie nina kuku. Jana Mzee Nassor ananiambia kuna nyumba mbili za wapwa zake, nikazifunge." Alinyoosha mikono mbele yangu, tukaitazama yote miwili inavyotetemeka. "Nikamwambia amechelewa kidogo."

Nimemrudishia jina. Nyumba alizozikosa sina pa kuzitoa.

Nikafunga ruta. Niliiunga kwanza na kompyuta yangu, peke yake. Nikabadilisha anwani. Nikazima ugawaji wa namba. Nikachomeka waya wa ukutani kwenye moja ya yale matundu manne, lenye rangi ya peke yake nikaliacha wazi. Masanja alikuwa nyuma yangu amesimama. Simu yake ikashika. Akampigia binti yake, akamwonyesha kuku wote, mmoja mmoja.

Nilipokuwa nafunga kasha alinigusa bega, akanipa daftari la shule la mistari na penseli. Nikaandika: Kwa fundi atakayekuja. Nikaandika nilichofanya, hatua kwa hatua. Nikaukunja ukurasa.

"Jina," alisema.

"Kwani lazima?"

"Siku moja fundi atakuja hapa, atatikisa kichwa, atauliza nani alikufungia hii. Mie huenda sipo. Karatasi imjibu."

Nikaukunjua ukurasa, nikaandika chini: Nyaya zilifungwa na Masanja. Ruta ilifungwa na Yustina, aliyefundishwa na Masanja. Akaichukua karatasi, akaisoma akiwa ameinyoosha mbali na macho, ikitikisika mikononi mwake.

"Mwandiko bado mbaya," alisema, kisha akanirudishia niibandike.